Sindano haziingii kwenye bajeti ya kamati ya harusi

Juzi usiku mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu (ni binamu, ila tumelelewa nyumba moja kwa hiyo ni mdogo wangu tu) katuma bajeti kwenye grupu la WhatsApp. Nasoma ukumbi, MC, mapambo, keki, gari, halafu katikati ya mekapu na viatu nakuta "sindano za bibi harusi, miezi 3". Nikarudia kusoma. Watu wakaweka vidole gumba, shangazi mmoja akaandika "tutachanga tu mtoto apendeze", mjadala ukahamia kwenye kreti za soda. Sikuandika kitu usiku ule maana ningeandika vibaya, naandika leo.

Nianze na hili, mimi mwenyewe najichoma. Mwezi wa 14 sasa, kila Ijumaa usiku, semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, peni yake ya kujichomea inakaa kwenye friji pembeni ya mayai. Kwa hiyo mimi siyo wale wa "acha uvivu fanya mazoezi". Nimebeba kilo zaidi ya 100 na presha juu yake, nimefunga, nimekunywa maji ya tangawizi na limao, nimekimbia Coco Beach alfajiri, nikashuka nikapanda nikashuka nikapanda zaidi. Siku niliyoelewa kwamba tatizo halikuwa tabia yangu ilikuwa Jumapili, mama kapika pilau, nikala nusu sahani nikaweka kijiko na kichwani kukawa kimya. Ile sauti inayosema ongeza, kuna nyama zimebaki sufuriani, haikuwepo. Miaka yote nilidhani kila mtu anaishi nayo. Mama akaniuliza mbona unalia, nikashindwa kumjibu.

Kwa hiyo dawa naipenda na nitaitetea popote. Kinachoniuma ni kuiona imeorodheshwa na kucha za bandia.

Njaa ni homoni jamani. Ukila, utumbo unatoa kitu kinaitwa GLP-1, kinauambia ubongo imetosha na kinalipunguzia tumbo kasi ya kusukuma chakula. Ile ya asili inaisha ndani ya dakika chache, hii ya kwenye peni imetengenezwa idumu, wiki nzima ikipita karibu nusu yake bado ipo mwilini, ndiyo maana tunachoma mara moja kwa wiki. Sasa hapo ndipo penye habari ya bibi harusi. Ukiacha leo, inachukua kama wiki 5 mpaka iishe mwilini, na maelekezo ya dawa yanasema mwanamke anayetaka kubeba mimba aache angalau miezi 2 kabla. Miezi miwili! Sisi tunataka kumchoma mtoto wetu mpaka wiki ya harusi, halafu kwenye sendoff tunashika maiki kumwombea mapacha, na kweli tunawataka hao mapacha, hakuna anayetania. Na akibadilishiwa akapewa tirzepatide, ile Mounjaro, hiyo inaweza kuvipunguzia nguvu vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo hata yule anayesema tutasubiri kwanza anaweza kujikuta na mimba asiyoipanga.

Daktari wangu aliniuliza hilo la mimba kabla hajanipandisha kwenye mizani. Akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliwahi kuugua saratani ya tezi la shingo, akauliza kongosho, akauliza mawe ya nyongo, akanipima sukari na figo. Yule muuzaji wa saluni aliyemuuzia mdogo wangu sindano alimuuliza swali moja tu, harusi lini.

Niliiona hiyo peni kwa macho yangu, tumekaa kwa fundi tunasubiri kujaribu gauni, mdogo wangu kaitoa kwenye mkoba imezungushiwa leso, haina boksi wala karatasi ya maelezo, na Dar saa nane mchana mnaijua. Hii dawa kabla hujaifungua inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 mpaka 8. Nikaishika ilikuwa ya moto kama chupa ya maji iliyosahauliwa kwenye gari. Namuuliza umeanza na ngapi, ananiambia "moja dada, kasema muda umebana". Mimi nilianza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, ikaja 0.5 wiki nyingine 4, ndiyo nikaigusa 1, na bado kichefuchefu kilinipata. Yeye kaanzia mara nne ya dozi ya kuanzia. Alitapika siku 3, hata maji hayakai, wakamtundikia dripu mbili. Na alipotoka pale akaniambia imefanya kazi, gauni limelegea.

Sina hata uhakika ilikuwa dawa yenyewe. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide feki zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama huko zilipenya, mkoba wa saluni tutauamini kwa lipi?

Halafu hiyo miezi 3. Kwa ratiba ya kawaida ya kupunguza uzito, wiki 16 ndiyo unamaliza kupandishwa dozi, yaani miezi 3 bado uko kwenye ngazi. Utafiti mkubwa wa dawa hii wa 2021 ulionyesha watu wamepungua karibu asilimia 15 ya uzito, ndani ya wiki 68. Na walipoacha, mwaka mmoja baadaye kama theluthi mbili ya uzito ule ulikuwa umerudi. Sauti inarudi, kwa sababu haikufa, ilikuwa imenyamazishwa. Fundi hajasoma utafiti wowote lakini kaacha inchi mbili za kitambaa ndani ya gauni, kasema mabibi harusi wa siku hizi wanarudi.

Haya, bei. Sawa, ni ghali, ninacholipa kwa mwezi kinakaribia kodi ya nyumba yangu, na najua watu wanakimbilia saluni kwa sababu mlango wa kliniki hauwafungukii. Septemba 2025 dawa hizi zimeingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa wenye kisukari kilichoambatana na moyo au figo na unene, labda huko mbele bei itashuka. Hilo nakubali, la leso sikubali.

Jana nilimpigia mweka hazina, mstari wa sindano kwenye bajeti umefutwa. Jumanne saa tatu asubuhi nampeleka mdogo wangu kwa daktari wangu. Shangazi yule wa "apendeze" kanipigia usiku, hakutaka kuandika kwenye grupu, kauliza kama na yeye anaweza kuja, sukari inamsumbua tangu Pasaka.