Tukuyu haikosi mlima, inakosa mfyeka njia

Kila tunapokutana wenyeji wa Mbeya tulio huku Ulaya, hoja huwa ileile: ukiitoa Ruaha, Nyanda za Juu Kusini hazipati watalii kwa sababu hazina simba wa kuonyesha, hazina Kilimanjaro, na fedha za kutangaza zote huenda kaskazini. Hilo la fedha nalikubali nusu. La simba silikubali hata kidogo, maana mimi naishi Madeira, kisiwa cha Wareno ndani ya Atlantiki ambacho hakina simba, tembo wala twiga. Hata nyoka hamna. Na bado ndege zinashusha wageni mwaka mzima, wengi wao watu wazima wenye mvi, waliokuja kufanya jambo moja tu: kutembea kwa miguu milimani, kundi kwa kundi, nyuma ya mtu anayeijua njia.

Nawafahamu kwa sababu mshahara wangu unatoka kwao. Naendesha kihaisi cha kampuni inayoandaa likizo hizo. Asubuhi nawachukua hotelini na kuwashusha pale njia inapoanzia, kisha nazunguka na mizigo yao mpaka upande wa pili wa mlima watakakotokea jioni. Mama yangu alipoelewa kwamba kuna watu wanalipa ili watembee kwa miguu, aliuliza kama wamekosa nauli.

Likizo yenyewe haina maajabu. Ni wiki moja, kundi la watu wanane hadi kumi na sita. Kabla hajafunga begi kwake Ujerumani au Uingereza, kila mmoja ameshasoma karatasi inayomwambia ukweli: Jumatatu utatembea kwa muda wa saa nne, utapanda mita 300 na kushuka mita 500, kuna ngazi za mawe, kuna handaki kwa hiyo beba tochi, na kuna sehemu njia ni nyembamba, upande mmoja jabali na upande mwingine korongo, kwa hiyo anayeogopa kimo asije siku hiyo. Kila njia ina daraja lake, kuanzia nyepesi hadi ngumu. Katikati ya wiki kuna siku ya kupumzika. Mwongozaji anakwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na kila wakifika njia panda anahesabu watu. Nimewapokea wazee wa miaka sabini na kitu wakitoka msituni wamelowa hadi magotini na bado wanacheka, kwa sababu walishajua tangu nyumbani kwao nini kitawapata.

Mlima wao sasa. Kisiwa kizima ni mgongo wa volkano iliyoinuka kutoka sakafu ya bahari, urefu wake kilomita 57 hivi, na kilele cha juu kabisa, Pico Ruivo, kina mita 1,862. Mtu wa Tukuyu, mji wetu ulio chini ya mlima Rungwe mkoani Mbeya, akisikia namba hiyo anatabasamu. Rungwe ina mita 2,960. Volkano ya Madeira imelala maelfu ya miaka, ilhali Kiejo yetu ilimwaga lava karibu miaka 200 tu iliyopita. Ukanda wao una migomba, sisi tuna migomba. Wao wana msitu wa kale wa miti ya lauri, Laurissilva, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1999, na ukiingia ndani yake asubuhi yenye ukungu, kuvu na ndevu za miti zikidondosha maji, mtu wa Rungwe hahitaji kuambiwa kitu. Kwa mlima na kwa msitu hawatuzidi. Wanatuzidi njia.

Na hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu njia zao hazikutengenezwa kwa ajili ya mtalii yeyote. Wareno walipoanza kukaa kisiwani, baada ya kukifikia mwaka 1419, walikuta mvua inanyesha kaskazini na jua zuri la mashamba liko kusini, kukavu. Kuanzia karne ya 15 wakaanza kuchonga mifereji kwenye ubavu wa milima ili maji yahame upande. Mifereji hiyo inaitwa levada. Ilinywesha miwa kwanza, halafu mizabibu, na leo hii inanywesha ndizi. Katika karne ya 20 mingine ikatumika pia kuzalisha umeme. Ukiipima yote inazidi kilomita 1,000, ndani ya kisiwa ambacho kwa gari unakizunguka kwa siku moja. Ilichongwa na vibarua na watumwa, wakiwemo waliotolewa Afrika, wengine wakiteremshwa kwa kamba kwenye majabali. Waongozaji wengi huipita habari ya watumwa haraka sana. Mimi nikiwa na abiria garini siipiti.

Sasa, mfereji hauwezi kushuka kwa kasi, utabomoka. Lazima uteremke taratibu, karibu tambarare, ukiufuata mlima kwa kila kona yake. Na pembeni ya mfereji lazima kiwepo kinjia cha mtu anayeusafisha. Kinjia hicho ndicho wageni wanachokitembea. Ndiyo maana mzee mwenye goti bovu anaweza kwenda kwa muda wa saa tano ndani ya milima inayosimama kama ukuta: yeye hapandi, anafuata maji. Mtu wa mfereji anaitwa levadeiro. Anatoa majani na mawe yaliyoporomoka, na anawafungulia wakulima maji kwa zamu na kwa saa, kama wagawa maji wa mashamba ya mpunga kule Mbarali. Levadeiro akiacha kazi mwezi mmoja, mkulima anakosa maji na mgeni anakosa njia. Utalii huu umepanda mgongoni mwa kilimo, na kilimo kiliulipia kabla mtalii hajazaliwa.

Juu ya hapo serikali ya kisiwa imezipa njia kuu namba, imeweka vibao mwanzoni vyenye urefu na muda, na njia ikiharibika inatangazwa kufungwa. Agosti 2024 moto uliunguza zaidi ya hekta 5,000 milimani, na njia mashuhuri kuliko zote, ya kutoka kilele cha Pico do Arieiro kwenda Pico Ruivo, ikafungwa. Wageni walinung'unika sana garini mwangu. Nikawapeleka kwingine. Kufunga njia hadharani ni sehemu ya kuitunza, na asiye mkazi wa kisiwa analipa ada kuzitembea.

Turudi kwetu. Nani alisema hatuna cha kutembelea? Ziwa Ngozi liko ndani ya tundu la volkano kwenye safu ya Uporoto. Unaacha barabara ya Mbeya–Tukuyu, unapanda bodaboda, unaingia msituni, unapita mianzi huku matope yanakuvuta buti, na ghafla uko ukingoni, maji ya kijani yako chini kabisa na hakuna anayepiga kelele, maana kila mtu amesikia hadithi za ziwa lile tangu utotoni. Kuna Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira. Kuna kipunji, nyani ambaye wawindaji wa Rungwe walikuwa wanamjua kwa jina lake siku zote, wanasayansi wakamkuta mwaka 2003 na kumtangaza 2005 kana kwamba ametoka mbinguni.

Halafu kuna Kitulo. Hifadhi ya taifa tangu 2005, zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, iliyotengwa kwa ajili ya maua. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ukitokea Chimala unaipanda kwa barabara ya kona 57, na masika yakishika unakuta okidi ambazo wageni wangu wangeziendea kwa magoti. Kutoka Kitulo mtu anaweza kuvuka milima ya Livingstone kwa miguu na kushuka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu mita 475. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mita 2,100 za kushuka, kutoka baridi inayotia jalidi hadi kwenye joto la ufukweni. Madeira nzima, kuanzia kilele hadi baharini, haina mteremko wa kiasi hicho.

Hata ule utamaduni wa mkulima kuchonga mlima tunao. Wamatengo wa Mbinga wanalima ngoro, vishimo vilivyopangwa ubavuni mwa mlima ili maji yasibebe udongo. Wabena na Wahehe wana vinyungu vyao mabondeni. Mzungu wangu wa Jumatatu, anayepiga picha ukuta wa mawe wa shamba la ndizi kwa dakika kumi, ukimsimamisha juu ya kilima cha Mbinga kilichojaa ngoro hutamtoa mpaka jua lizame.

Tunachokosa ni kitu kidogo na cha kuchosha: mtu anayelipwa kila mwezi kufyeka njia. Mlimani kwetu njia inafyekwa mgeni mkubwa akija. Mvua moja ya Aprili, imefunga. Na ukimwuliza kijana anayekuongoza ni saa ngapi mpaka juu, atakwambia "siyo mbali", jibu la adabu lisilomsaidia mwenye miaka 68. Simlaumu kijana. Nilipokuja likizo nilipanda na mmoja aliyevaa viatu vya mvua vya shambani, akanitajia kila mti kwa Kinyakyusa na kazi yake, upi wa tumbo, upi wa mpini wa jembe. Huku Madeira mtu mwenye ujuzi huo angekuwa na leseni na bima, na kundi lingemsubiri. Yeye alilipwa kwa mgeni kujisikia. Mwezi usio na mgeni anabeba matofali.

Ndiyo maana nachukia mipango ya utalii inayoanza na lami na hoteli. Lami ni nzuri kwa mwenye viazi na parachichi zinazoozea shambani, ijengwe kwa ajili yake. Lakini anayekuja kutembea hakuja kwa ajili ya lami.

Sitaki pia mtu adhani huku ni peponi. Alfajiri pale Pico do Arieiro magari yanapangana barabarani, watu mia wanagombania jua moja. Kwenye levada zinazopendwa mnasimama foleni kupishana, na anayetaka kuwahi anakanyaga ukingo wa mfereji, korongo likiwa hapo hapo. Watu huanguka. Nyumba nyingi za Funchal, mji mkuu wa kisiwa, wenyewe wameona afadhali kumpangisha mgeni wa usiku mmoja kuliko mfanyakazi wa mwaka mzima, na kodi yangu inapanda kila mkataba ukiisha. Dereva wa watalii anafukuzwa mjini na watalii, ndiyo hali. Niwatendee haki kwa moja: njiani wanasalimiana, kila mtu na kila mtu, hata wasioelewana lugha. Mjini hawafanyi hivyo. Mtu wa Tukuyu anayeshuka na ndoo ya maziwa atakusimamisha kwa "mugonile" hata kama unakimbilia gari, na hilo mgeni wa kutembea analithamini kuliko bwawa la kuogelea.

Nataja bwawa kwa sababu kaka yangu analitaka. Ana kiwanja kinachoitazama Rungwe, na anataka nimtumie fedha ajenge loji yenye bwawa. Tukuyu! Mahali ambapo mvua inakuogesha bure karibu mwaka mzima. Nimemwambia, kaka, mgeni wa kutembea anataka chumba kisichovuja, maji ya moto, na mahali pa kukaushia viatu vilivyolowa usiku ili asubuhi avivae vikavu. Huku gesti ndogo yenye chumba cha kukaushia inajaa kabla ya hoteli ya nyota nne isiyokuwa nacho. Shemeji ampikie mbalaga, ndizi zetu za kupika, na maharage, weka parachichi mezani, umemaliza. Halafu andika karatasi ya ukweli: saa ngapi, mita ngapi, matope kiasi gani, mwezi gani usije. Njia yenyewe ipite palepale wanapopita wachuma chai na wanaokwenda gulioni, usiizungushie uzio, maana wao ndio wataikanyaga siku ambazo mgeni hayupo.

Bwawa amekubali lisubiri. Tunachobishania sasa ni vijana wawili wa kufyeka, ambao serikali ya kijiji imeridhia wafanye kazi hiyo. Yeye anataka walipwe siku ambazo mgeni amekuja. Mimi nataka walipwe mwezi hadi mwezi, mgeni awepo asiwepo, kwa sababu majani ya Tukuyu hayaangalii daftari la wageni. Anasema kufyeka hakuonekani kwenye picha. Kweli hakuonekani. Mishahara ya Machi nimeituma moja kwa moja kwenye simu za vijana.