Ploti Imeuzwa Nasi Ndani

Ploti yetu, hili jengo la kupanga hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, imeuzwa. Hakuna aliyetuambia. Tuliona tu geti limepakwa rangi mpya, halafu keateka, mtunza jengo, yule aliyekuwa akituita "bosi" akitaka mia ya chai, akaanza kutuita kwa namba za milango. Mimi sasa ni Kumi na Mbili. Mke wangu ni Mama Kumi na Mbili.

Juzi tukakuta karatasi imebandikwa pale ngazini: MASHARTI MAPYA. Kodi inatoka elfu tisa kwenda elfu kumi na moja na nusu, kuanzia mwezi huu, nao mwezi wenyewe uko tarehe 18. Mgeni hatalala bila kuandikishwa. (Mama mkwe wangu aandikishwe? Na nani? Wewe nenda ukamwambie.) Maji yatalipiwa kando, hata yale yasiyokuja.

Hayo ningemeza. Ila chini kabisa wameandika kila mpangaji alipe dipositi upya, eti ile ya kwanza alibaki nayo landlodi wa zamani. Sasa hiyo inanihusu nini? Ukinunua mbuzi, kamba ikabaki kwa aliyekuuzia, utamdai mbuzi kamba?

Nikapanda kwa Baba Tasha, orofa ya nne. Anafanya kazi ofisi ya wakili mjini. Kazi yake ni kupeleka barua, lakini huzisoma njiani. Akaniambia kuna sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inayomkinga mpangaji asipandishiwe kodi ovyo. Nikafurahi! Kumbe inahusu nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nairobi hii! Nikipata nyumba ya bei hiyo sitahitaji sheria inilinde na landlodi, nitahitaji askari wanilinde na foleni ya wanaoitaka.

"Tulia, kaka," akasema. "Anayenunua nyumba yenye watu ananunua na makubaliano yao. Hawezi kuyageuza peke yake kwa karatasi na gundi. Na wewe unayelipa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka upewe notisi isiyopungua mwezi mzima kabla ya kutolewa. Tafuta risiti zako za dipositi, na usisaini kitu."

Tukaitisha mkutano wa wapangaji pale juu kwenye kamba za nguo. Umoja ulikuwa mkali ajabu. Namba Tatu alisema yuko tayari hata kulala seli. Kisha gari la landlodi likasikika getini, na ghafla kila mtu akakumbuka ameacha maharagwe kwenye jiko. Namba Tatu hata jiko hana, hula kwa kibanda.

Nikabaki mimi na keateka, ameshika makubaliano mapya na kalamu.

"Saini hapa, Kumi na Mbili."

Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa: NIMEPOKEA, SIJAKUBALI. Nikatia tarehe, nikaipiga picha na simu. Keateka akaigeuza ile karatasi juu chini, akaniuliza kama hiyo ni saini ya kikwetu.

Asubuhi tukakuta tangazo jingine ngazini: NI MARUFUKU MPANGAJI KUANDIKA MANENO KWENYE MAKUBALIANO.

Hilo nalo nikaandika chini yake: nimepokea.