Faulo za dakika za lala salama: filimbi ikichelewa ndo watu wanaumizana

Jumamosi jioni nilikua kwenye gemu ya kikapu hapa Tanga, kirafiki tu, timu moja inaongoza kwa pointi tatu zimebaki kama sekunde 40, walio nyuma wakaanza kusaka faulo ili saa isimame. Mwenye mpira akaguswa mkono, refa kimya. Akavutwa jezi, kimya. Ya tatu akakumbatiwa toka nyuma hadi chini, hapo ndo filimbi ikalia na refa akatoa U, yaani faulo isiyo ya kiuanamichezo, fri-throo mbili (mitupo ya bure kwenye kikapu) na mpira unabaki kwa timu ya aliyekumbatiwa. Gemu ikafia hapo, na ubishi tukaubeba mpaka Ngamiani.

Wanaomtetea refa wana hoja. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ndo tunazochezea huku, ukimkamata mtu bila hata kujaribu kucheza mpira ni U, iwe dakika ya kwanza au ya mwisho, na ukipata mbili unatolewa. Na tangu 2022, dakika mbili za mwisho za kota ya nne ukimchezea mtu faulo wakati mpira bado haujarushwa ndani wapinzani wanapata fri-throo moja na mpira ni wao.

Ila upande wa pili nao uuangalie. Ukiwa nyuma saa ndo adui, mpinzani ana sekunde 24 za kukaa na mpira, sasa utafanyaje zaidi ya kumpeleka kwenye fri-throo uombe akose? Fainali ya vyuo Marekani 2008, Kansas walikua nyuma kwa 9 zimebaki dakika mbili na kidogo, wakawa wanawapeleka Memphis kwenye fri-throo, Memphis wakakosa, Mario Chalmers wa Kansas akapiga ile ya pointi tatu ya kusawazisha, muda wa nyongeza Kansas wakashinda 75-68. Na kabla ya hiyo tatu Memphis wenyewe walitaka wacheze faulo, filimbi haikulia! Hata NBA, ligi kuu ya Marekani, walipoanza 2022 kuadhibu faulo za kukata kaunta (shambulizi la haraka), dakika mbili za mwisho waliziacha nje.

(Kuna wanaotaka saa izimwe kabisa mwishoni mfike pointi fulani, All-Star ya 2020, ile mechi ya nyota wa NBA, walifanya hivyo kota ya nne. Kwetu ambako saa yenyewe ni simu ya jamaa wa mezani labda ingetufaa kuliko wao.)

Mi naona U ya Jumamosi ilikua halali, kosa lilikua kule kwenye mguso wa kwanza. Mchezaji anayetaka faulo akinyimwa anaongeza nguvu, hana namna. Watasema ukipuliza kila mguso unawabeba walio nyuma, na kweli kama mwenye mpira kashapenya anaenda kufunga muache aende, ila kama kasimama kaukumbatia mpira anakula saa na mtu kampiga mkono mbele ya macho yako, unasubiri nini?

Refa nilimuuliza baadae tukila katlesi, akasema ile ya kwanza aliiona, ila aliona ndogo mno. Na dogo aliyekumbatia mtu anasema yeye alikua anataka refa amwone tu.