"Hayakuonekana" si "hana"

Mjomba wangu ametapika damu mara mbili mwaka huu. Mara ya pili ilikuwa usiku, Kayenze, wakati wenzake wanapakia nyavu kuingia ziwani. Walimlaza kwenye gari la dagaa wakamleta mjini, na mpaka wanafika alikuwa haongei. Hospitali ya rufaa wakampitisha mpira wenye kamera kooni, wakakuta mishipa ya umio imevimba, wakaifunga. Altrasaundi ikaonyesha ini lenye makovu yaliyofuata mishipa kama mizizi. Aliyefanya kazi ya afya ukanda huu wa Ziwa Victoria haulizi mara mbili akiona picha ile. Kichocho cha tumbo, minyoo inayoingia mwilini kupitia ngozi mtu akiwa majini, tena cha miaka mingi.

"Lakini mjomba, mimi nilipimwa," akaniambia aliporudiwa na sauti. Tunaitana mjomba, yeye na mimi. "Nilitoa choo kubwa, nikaambiwa sina."

Mke wake akaleta daftari. Lipo kweli. Miaka minne nyuma, kalamu ya bluu, mwandiko mzuri kabisa: *Kichocho: hana.*

Kituo kilichoandika sikitaji, na aliyeandika simlaumu peke yake. Mimi ni mteknolojia wa maabara. Neno hilo nimeliandika mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na tangu siku ile linanikosesha usingizi. Maana mjomba alilishika. Miaka minne kila tumbo lilipomsumbua alimeza dawa za vidonda vya tumbo, na kila alipoambiwa habari za kichocho alijibu kwamba yeye hana, daftari lipo.

Tuangalie ni nini hasa kilichofanyika siku ile alipopimwa. Kwa jinsi kilivyoandikwa, ni kipimo cha kawaida cha vituo vyetu: kinyesi kidogo kwa ncha ya kijiti, tone la maji ya chumvi, kioo juu, hadubini. Kinyesi kinachokaa kwenye slaidi ile ni kama miligramu 2. Yaani sehemu moja ya 500 ya gramu. Sasa mchukue mtu ambaye choo chake kina mayai 100 ya minyoo ya kichocho katika kila gramu. Huyo, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, maambukizi yake si mepesi tena. Mepesi yanaishia 99, ya kati yanaanzia 100, na kuanzia 400 ni mazito. Gawanya 100 kwa 500. Unapata moja ya tano ya yai. Ukimsomea mtu huyo slaidi tano, macho makali, taa nzuri, bila haraka, yapata nne kati ya hizo hazina yai hata moja. Msomaji hakukosea. Yai halikuwepo kwenye slaidi. Lilibaki kwenye kikopo, na kikopo kikatupwa.

Wenzetu wa utafiti hawatumii tone lile. Wanatumia Kato-Katz, njia iliyoanzia Japani mwaka 1954 kwa Kato na mwenzake, kisha mwaka 1972 Katz na wenzake kule Brazili wakaiongezea kibao chenye tundu ili kila slaidi ibebe kiasi kilekile. Nimeifanya kwenye shule za visiwani miaka kadhaa. Unachuja kinyesi kwa wavu, unajaza tundu mpaka usawa wa kibao, unafunika kwa selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, unageuza, unakandamiza, unangoja king'ae, halafu unahesabu kila yai lenye mwiba ubavuni. Tundu la kawaida linabeba miligramu 41.7, ndiyo maana tunazidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Kazi yenyewe ina masharti yake. Mayai ya minyoo ya safura, kwa mfano, gliserini huyayeyusha machoni mwako. Usipoyasoma ndani ya saa moja yamepotea, ilhali ya kichocho yanabaki. Kwa hiyo tulikuwa tunapanga meza chini ya mwembe, mmoja anatengeneza, mwingine ameshika saa, mtumbwi unangoja na upepo wa mchana umeshaanza kuchafua ziwa, na hakuna anayenyanyuka mpaka slaidi za safura ziishe. Nilijifunza pale kwamba kipimo ni ahadi yenye mipaka, na kwamba anayeitoa anapaswa kuijua mipaka yake kwa kichwa.

Hata Kato-Katz ina mpaka. Jike mmoja wa kichocho cha tumbo hutaga mayai kati ya 100 na 300 kwa siku, na karibu nusu hayatoki kabisa. Yananasa kwenye ini na kuta za utumbo, na hayo ndiyo yanayoumiza. Tuseme mtu ana jozi tano za minyoo, kila jike anataga 300. Nje yanatoka kama 750. Yagawe kwenye kinyesi cha siku cha gramu 150: mayai matano kwa gramu. Kwenye slaidi ya Kato-Katz hiyo ni tena moja ya tano ya yai, hesabu ileile ya lile tone la maji ya chumvi. Na mayai hayasambai sawasawa. Leo yapo mengi, kesho machache, upande huu wa kinyesi yapo, upande ule hakuna. Ndiyo maana mtafiti makini husoma slaidi mbili kwa kila sampuli na kurudia siku nyingine, na sehemu ya slaidi zikasomwa upya na mtu wa pili asiyejua wa kwanza aliona nini.

Sasa angalia tunavyozungumza. Kwenye meza ya utafiti tunaandika namba: slaidi ngapi, mayai mangapi, nani kasoma. Kwenye fomu ya hospitali, tukiwa makini, tunaandika kwamba mayai hayakuonekana, na hilo ni kweli tupu. Halafu karatasi inafika dirishani, inafika kwa mganga, inaingia kwenye daftari, na njiani "hayakuonekana" inageuka "hana". Kiswahili chetu hakina upungufu hapa. Mtoto wa darasa la pili anajua tofauti ya "sikumwona baba sokoni" na "baba hayupo duniani". Kwa nini tofauti hiyo tunaitupa pale inapohusu ini la mtu?

Na ubaya ni kwamba mayai hupungua pale ugonjwa unapokomaa. Minyoo inazeeka na kufa, makovu yanabaki, mshipa unaopeleka damu kwenye ini unaendelea kubanwa. Mtu anaweza kufika anatapika damu na kinyesi chake kikawa safi machoni petu. Wapo pia ambao mayai machache yamekwenda kwenye uti wa mgongo. Miguu inalegea, mkojo unagoma, na ukipima choo hupati kitu. Kwa wagonjwa hao neno "hana" linamfungia daktari mlango aliotakiwa kuupitia.

Najua mtakachonijibu, maana ningejibu hivyo hivyo zamani. Mteknolojia mmoja, vikopo arobaini kabla ya saa sita, hadubini moja ya taa inayopepesa, damu za malaria nazo zinangoja. Nakubali. Nakubali pia kwamba kwa kupanga ugawaji wa dawa vijijini slaidi moja kwa mtu inatosha, kwa sababu pale tunauliza habari za kijiji. Lakini mjomba hakuja kuulizia kijiji. Alikuja kuulizia tumbo lake.

Kuna kipimo cha mkojo kinachotafuta alama za mnyoo wenyewe, na kinakamata wengi ambao slaidi inawakosa, ingawa mstari wa jibu ukitokea hafifu tunagombana kila siku kama ni ndiyo au siyo. Kipimo cha vinasaba ni kizuri na ni ghali. Siombi hivyo kesho asubuhi.

Ninachoomba ni wino. Tuandike njia tuliyotumia, slaidi ngapi, na kwamba mayai hayakuonekana. Hapo chini tuongeze: arudie kwa sampuli ya siku nyingine. Na mganga anayesoma amuulize mgonjwa swali moja ambalo halihitaji hadubini: unaoga wapi, unafanya kazi gani? Mvuvi wa Kayenze aliyesimama majini tangu utoto hawezi kuandikwa "hana" kwa miligramu 2. Dawa ipo, prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Watoto tumewazoesha kuipata shuleni, wakipimwa urefu kwa kijiti ili kukadiria idadi ya vidonge. Wavuvi, mama wanaoanika dagaa, vijana wanaovuta makokoro hawapo shuleni siku hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipanua mwongozo wake, kuanzia umri wa miaka miwili hadi watu wazima kwenye maeneo ambayo maambukizi yanafikia asilimia 10 au zaidi. Sisi wa mwambao tunajua ni maeneo gani hayo.

Mjomba yuko nyumbani sasa. Haingii ziwani, anashona nyavu za wenzake kivulini, na anarudi kila mara kufungwa mishipa. Wiki iliyopita alinijia na mtoto wake wa mwisho, wa miaka tisa, na kikopo mkononi. Nilitengeneza slaidi mbili za Kato-Katz, nikazisoma mwenyewe kwa utulivu, nikampa mwenzangu naye azisome. Sifuri, sifuri.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Kwa hiyo hana?"

Nilimwonyesha daftari la mtoto. Nilikuwa nimeshaandika: Kato-Katz, slaidi mbili, mayai hayakuonekana, arudie. Akalisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akalifunga na kuliweka mfuko wa shati. Jumatatu wanaleta kikopo cha pili.