Punda Ana Wateja Wake

Ijumaa jioni ofisi zetu za Mtumba, mji wa serikali wa Dodoma, hubaki na walinzi. Tangu treni ya umeme ianze kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, wenzangu wenye familia Dar hukimbilia stesheni na mabegi mgongoni, na Jumatatu wanarudi wakisimulia samaki wa Feri. Mimi nauli ya kila wiki siiwezi. Mke wangu alipogundua kwamba Jumamosi nzima nashinda kwenye kochi nikiangalia mechi za timu ambazo hata wenyewe wamezikatia tamaa, alinipigia simu. "Baba watoto, tafuta cha kufanya huko. Jitolee hata kwa majirani."

Nikaanza na kuchangia damu. Nilichangia vizuri tu, nikapewa soda na biskuti, nikaambiwa mwanamume anarudi baada ya miezi 3. Sasa hapo katikati? Nikaenda kituo kimoja cha kulelea watoto, nikakuta foleni ya wageni wenye maboksi ya sabuni na mpiga picha wao. Watoto wakiona kamera wanajipanga bila kuambiwa, wafupi mbele. Ile sikuipenda. Nilimwachia mlezi sabuni zangu nikaondoka.

Nikaishia ofisi ya serikali ya mtaa, huku Nkuhungu ninakoishi. Nilijieleza kwa kirefu: nina shahada ya uhasibu, nina CPA, naweza kuwasaidia kina mama wa vikoba kuweka hesabu zao sawa. Mwenyekiti, mzee wa Kigogo mwenye upole wa kutisha, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mwanangu, unaogopa punda?"

Nikasema siogopi. Punda nilikuwa nawaona barabarani wakipita na madumu, basi. Tulikuwa hatujatambulishana.

"Wahasibu tunao," akasema kwa huruma. "Wa kuongoza punda ndiyo hatuna."

Habari yenyewe ni hii. Shule ya msingi ya jirani ilipanda miti Januari. Kupanda si tatizo; tangu kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani izinduliwe mwaka 2017, mji huu una watu wa kupanda wa kumwaga. Kuna mgeni rasmi, kuna koleo jipya, kuna kupiga makofi. Lakini mvua zikishakata Aprili, mgeni rasmi wa kumwagilia humpati. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni jua na upepo, na huo upepo wa Agosti unaweza kukuvua kofia, ukarudi kuchukua na miwani. Mwarobaini ukishashika unajitegemea, ila mwaka wa kwanza ni kichanga, unataka kunyonyeshwa.

Walimu walikuwa wamefanya yao. Kila mche umezungushiwa miiba mbuzi wasiufikie, shinani kuna matandazo ya majani makavu, na ubavuni imefukiwa chupa ya plastiki iliyotobolewa kwenye kifuniko, mdomo chini, kitako kimekatwa. Unaijaza maji, yanadondoka tone tone kwenye mizizi badala ya kunywewa na jua. Kazi safi kabisa. Kilichokosekana ni maji ya kujaza hizo chupa. Mzee mmoja mwenye kisima akasema atatoa maji bure, sadaka. Na muuza maji mmoja akatoa punda na mkokoteni kila Jumamosi, kwa sababu yeye ni Msabato, siku hiyo hafanyi kazi.

Punda anaitwa Meneja. Mwenyewe alinikabidhi Ijumaa kabla jua halijazama. "Usimpige," akasema. "Wala usihangaike naye. Njia anaijua."

Nilidhani ananitia moyo.

Jumamosi saa 1 asubuhi nilikuwa kisimani nimevaa kizibao cha kung'aa nilichopewa na mtaa, mgongoni kimeandikwa MJITOLEAJI. Tukapakia madumu 10 ya lita 20. Meneja akaondoka mwenyewe, mwendo mzuri, masikio mbele. Nikajisemea, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii?

Kwenye geti la kijani akasimama.

Nikamvuta. Nikamsukuma. Nikamwomba. Nilimweleza hata umuhimu wa mazingira. Akawa anatazama geti kama vile amelipwa kulitazama. Mara geti likafunguka, akatoka mama na ndoo mbili.

"Jamani! Leo mmekuja na Jumamosi? Mungu mkubwa. Bombani hakuna kitu tangu Alhamisi."

"Hapana mama, haya ni ya miti ya shule."

"Miti inakunywa kabla ya watu?"

Swali hilo mimi sikulisomea. Kijana mmoja aliyekuwa anapiga mswaki barazani akanishauri, "Anko, huyo hatoki hapo mpaka asikie dumu linamiminwa." Nikajifanya mjanja: nikashusha dumu moja chini kwa kishindo, nikalirudisha juu. Meneja akageuza sikio moja, akalirudisha. Hakudanganyika. Tukamimina madumu mawili kwenye pipa la yule mama, na tone la mwisho lilipodondoka tu, Meneja akang'oa nanga. Mama akakimbia nyuma yetu kunitumbukizia shilingi 600 mfukoni. Nikazikataa, akaniambia yeye si ombaomba.

Kituo cha pili kilikuwa kwa mama ntilie. Alichukua matatu bila kuuliza, akasema, "Niandike." Nikampigia simu mwenye punda. Haipatikani. Yuko kanisani, simu imezimwa, na kwa imani yake haitawaka mpaka jua lizame. Basi mhasibu nikatoa kalamu: madumu matatu, mkopo, shilingi 900. Nikampa na namba yangu ya simu, kwa utaratibu mzuri wa kazi. Kinyozi akachukua moja, 300 taslimu, huku akiniambia nywele zangu zimechoka.

Kituo kirefu kuliko vyote kilikuwa kilabu cha pombe ya kienyeji. Muuza maji wetu pombe haigusi, lakini wapishi wa pombe ni wateja wake wakubwa. Maji yakishaingia kwenye pipa lao, dhambi si yake tena. Hapo Meneja alijiachia kabisa, mguu mmoja wa nyuma amekunja, kama mtu aliyefika kwao. Waliokuwa ndani tangu alfajiri wakatoka kunipokea. "Mbukwenyi!" wakanisalimu, wakanipa kiti. Nikasimama pale na kizibao changu cha kung'aa nikisubiri wamimine madumu yao mawili, wakati huo anapita mjumbe wa kamati ya shule na simu yenye kamera nzuri. Picha iliingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ikiwa na maneno "Mjitoleaji wetu yuko kazini". Saa 4 ilikuwa imeshafika kwa mke wangu Dar. Yeye alijibu kwa neno moja: "Hongera."

Shuleni nilifika na madumu mawili. Wanafunzi walikuwa wamejipanga kila mmoja na kopo lake, tangu saa 2. Mwalimu wa mazingira akazunguka mkokoteni taratibu akitafuta mengine. Tukagawa lita 40 kwa kikombe, mche kwa mche, watoto wakishika pumzi tone lisipotee, na ile ya mwisho mwisho ikaambulia kusafishiwa kopo.

Usiku ule, jua lilipozama na simu ya mwenye punda kuwaka, kikao kikaitwa.

Nilijua atadai fedha yake. Wapi! Alikuwa na majonzi. "Kumwagilia miti ya watoto ni kazi ya huruma, hilo Sabato inaruhusu," akasema. "Biashara je? Amri inasema hata mnyama wako apumzike. Umemfanyisha Meneja biashara Sabato." Mwenye kisima naye akasimama: maji aliyatoa sadaka, iweje yauzwe, tena kilabuni? Mwalimu mkuu akasema yeye anachojua ni kwamba miti yake imekunywa lita 40.

Mwenyekiti akanitazama kwa ule upole wake. "Mwanangu, tusomee hesabu."

Nikasimama, nikafungua daftari. Maji yaliyopokelewa, madumu 10. Yaliyofika, mawili. Mauzo, shilingi 2,400, kati ya hizo taslimu 1,500 na wadaiwa 900. Kilikuwa kimya ambacho sijawahi kukipata hata mbele ya wakaguzi.

"Umeona?" mwenyekiti akasema. "Uhasibu wako nao umepata kazi."

Tatizo likawa hizo 1,500. Mwenye punda hagusi fedha ya Sabato. Mwenye kisima akasema sadaka hairudi nyumbani. Mwalimu mkuu akainua mikono juu: shule haipokei fedha mkononi, lazima ilipiwe kwa namba ya malipo ya serikali, na hajui hii ataiandikaje. Zikarudi kwangu. Ziko kwenye bahasha mpaka leo, na risiti niliyojiandikia mwenyewe. Wakakubaliana pia kwamba Jumamosi ijayo Meneja apite njia nyingine, jambo ambalo lilipitishwa na watu wote isipokuwa Meneja.

Jumanne nilikuwa kwenye kikao kazini, Mtumba, bajeti ipo mezani. Simu ikaita. Nikabonyeza kuikata, kumbe nimebonyeza spika.

"Baba wa maji!" Ilikuwa sauti ya mama ntilie, chumba kizima kinasikia. "Jumamosi nina shughuli ya kipaimara, niletee sita. Na lile deni usije ukanidai mbele za wageni wangu!"

Nilikata. Mkurugenzi akavua miwani, akaniangalia kwa muda. Kwake, mtaa wa Kisasa, mgao wa maji ulikuwa siku ya tatu.

"Dumu unauzaje?" akauliza.