Asali si maji, jamani!

Jana jioni hapa Nakuru nimeharibu keki, na wa kulaumiwa si mimi peke yangu. Maelezo yalisema asali gramu 340. Mizani ya jikoni imekufa betri, basi nikachukua jagi lenye alama za mililita nikamimina hadi 340. Si ni yale yale? Wapi! Asali inaizidi maji uzito karibu mara moja na nusu. Mililita 340 ni kama gramu 480. Keki ikatoka nyeusi juu, katikati uji mtupu. Watoto wakamega kingo, wakaniachia shimo.

Hawa waandishi wa mapishi wananiudhi. Huyu gramu, yule mililita, mwingine kikombe. Kikombe kipi? Cha Marekani ni kama mililita 240, kwingine 250, na changu cha chai kimevunjika mkono na kina ujazo wake binafsi. Sukari ikijaa kwenye kikombe hicho cha Marekani ni gramu 200 hivi, asali 340. Halafu mtu anakwambia, "Weka asali badala ya sukari, kikombe kwa kikombe."

Na ile asali ya Baringo tunayouziwa kwa chupa ya maji ya nusu lita, jirani yangu ameshikilia ni nusu kilo. Mama, ikijaa hiyo ni gramu 700! Tumebishana mlangoni dakika kumi, huku nyuma yangu oveni inanuka moshi.

Betri nimenunua leo asubuhi. Mbili, moja ya akiba.