Paka Hakukuuma Ghafla

Kibibi aliniuma jioni moja nikimpapasa shavu, mahali alipopenda kupapaswa kwa miaka 9. Hakufoka wala kunguruma. Alizamisha chonge mbili kiganjani mwangu, akaruka kutoka mapajani na kwenda kujificha nyuma ya kabati. Nilichofanya baada ya hapo kinaniuma hadi leo kuliko yale meno. Nilimfungia nje ya chumba changu siku 3, na kila aliyeniuliza bandeji ile ni ya nini nilimjibu, "Paka wangu amegeuka. Kaniuma tu, bila sababu yoyote."

Sababu ilikuwepo. Daktari wa mifugo alimlaza kwa dawa ya usingizi, akampiga picha za mdomo, kisha akanionyesha jino la shavuni, chini upande wa kushoto, lililoliwa kuanzia usawa wa fizi. Ni maradhi yanayowapata paka wengi wakishakomaa: mwili wenyewe huanza kulimeng'enya jino, tundu hufunguka kwenye fizi, na neva hubaki wazi. Shavu nililokuwa nikilisugua lilikuwa juu ya tundu hilo. Mtu angenibonyeza mimi hapo, nisingeuma tu, ningepiga na mayowe.

Tangu siku ile silipendi neno "ghafla" likitumika kwa paka. Ghafla ni kwetu sisi. Kwa paka mwenyewe jambo limekuwa likipanda kwa dakika, kwa siku, pengine kwa miezi, na yeye amekuwa akilisema kwa njia alizojaliwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya Kibibi niliyaona yote. Kwa wiki kadhaa alikuwa akila huku ameinamisha kichwa upande mmoja. Punje za chakula zilimdondoka mdomoni. Alikisogelea chakula kwa hamu, akaonja, akarudi nyuma. Manyoya ya mgongoni yalianza kushikana kwa kuwa paka hujisafisha kwa ulimi, na mdomo ulikuwa ukimuuma. Niliyatazama hayo yote nikasema anazeeka.

Paka wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama mdogo anayewinda peke yake. Kuishi kwake karibu na watu ni kwa takriban miaka 10,000, na huko Kupro lilifukuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Miaka hiyo yote haijamwondolea silika ya kale. Anawinda, lakini naye anaweza kuwindwa na wakubwa zaidi, na akiumia hana kundi la kumletea windo. Kuchechemea hadharani au kulia kwa maumivu hakumsaidii kitu, kunawaita tu maadui. Ndiyo maana paka mgonjwa hukaa kimya, hujibanza, hulala zaidi. Ukimgusa penye kidonda, hujitetea kwa kilicho karibu, yaani meno na kucha.

Uso wake, hata hivyo, haufichi kila kitu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walichapisha kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa paka kwa mambo matano: masikio yanayotanuka kwenda pembeni, macho yaliyofinywa, pua na midomo iliyokazwa, masharubu yaliyonyooka na kusimama, na kichwa kilichoshuka usawa wa mabega au chini zaidi. Nilipokisoma nilirudi kwenye picha za Kibibi za mwezi ule. Katika picha tatu amekaa kichwa chini, macho nusu yamefumba. Mimi nilimpiga picha zile nikidhani anasinzia kwa raha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja, na nitausema bila kuuzungusha: paka mzima aliyekuwa mpole akianza kuuma, apelekwe kwa daktari kwanza. Habari za tabia, mafunzo na malezi zifuate baadaye. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 uliangalia picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na dalili za kuchakaa kwa viungo. Paka kama hao hatuwaoni wakichechemea. Tunaona tu kwamba hawapandi tena juu ya kabati, na kwamba tukiwabeba wanafoka. Kuna tezi ya shingoni, thairoidi, ambayo kwa paka wazee inaweza kuzidisha kazi: paka anakula sana na bado anakonda, hatulii, analia usiku, hasira ziko karibu. Shinikizo la damu nalo laweza kumpofusha, na asiyeona hushtuka kila anapoguswa. Usaha chini ya ngozi baada ya kupigana na paka mwingine, masikio yenye maambukizi, kibofu kinachowaka moto, vyote hivi vinaweza kutokeza kama ukali.

Na tafadhali, ukihisi ana maumivu, usifungue kopo la dawa zako. Parasetamo inaua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu linavyofanya, na hata kidonge kimoja kinaweza kummaliza.

Si kila kuuma ni ugonjwa, lakini. Rafiki yangu ana paka wawili, ndugu wa tumbo moja, waliolala wamekumbatiana tangu utotoni. Siku moja mkubwa wao alikuwa dirishani akimtazama paka shume aliyepita uani. Mwili ulimkakamaa, mkia ukafura, akaanza kunguruma. Mdogo wake akaja kwa nyuma kumnusa, kama kawaida yao, na hapo vita ikaanza, manyoya yakaruka chumba kizima. Rafiki yangu akaingiza mkono kuwaamua, akararuliwa hadi kwenye kiwiko.

Huyu paka hakumchukia ndugu yake wala mfugaji wake. Hasira ilikuwa ya yule wa nje, ila kioo kilimzuia, nayo ikamwangukia aliyekuwa karibu. Naamini hii ndiyo sababu inayotupita wengi, kwa kuwa chanzo huwa kimeshaondoka tunapogeuka kutazama. Mara nyingine chanzo ni sauti: paka husikia milio myembamba mno, juu sana ya mahali ambapo sikio letu hukoma, hivyo anaweza kutibuliwa na kitu ambacho kwetu ni kimya kitupu. Na damu yake ikishachemka haipoi kwa dakika tano. Inaweza kuchukua saa nyingi, hata siku kadhaa.

Wakati huo usimguse. Usimbembeleze, usimbebe, usimkodolee macho. Ondoka wewe, au mfungie chumba chenye giza na utulivu, umwekee maji na sanduku lake la haja, umwache. Kama ni wawili wamegombana, watenganishe kwa mlango kabisa, kisha walishwe kila mmoja upande wake, wakinusana chini ya mlango huku wanakula. Badilishana matandiko yao ili harufu ya mmoja izoeleke tena kwa mwingine. Harufu kwa paka ndiyo kitambulisho. Ndiyo sababu paka anayerudi kutoka kwa daktari, akinuka dawa na mikono ya wageni, anaweza kushambuliwa na mwenzake wa miaka yote kana kwamba mgeni ameingia nyumbani.

Kuna na ile ya "alikuwa anakoroma kwa raha, mara akaniuma." Hapa makosa mengi ni ya mikono yetu. Paka wengi hupenda kuguswa kidogo na mara kwa mara, mashavuni na chini ya kidevu, si kusuguliwa robo saa nzima kutoka kichwani hadi mkiani. Akichoka, ncha ya mkia huanza kupigapiga, ngozi ya mgongo hutetemeka kama inafukuza inzi, masikio hugeuka nyuma, kukoroma hukatika, kichwa huufuata mkono. Huo ni msururu wa maombi. Asiposikilizwa, huuma, na akishagundua kwamba kuuma ndiko kunakosikika, safari nyingine ataziruka zile hatua za mwanzo. Mimi sasa hupapasa sekunde chache, naondoa mkono, nangoja. Akitaka zaidi, atausukuma mkono kwa shavu lake. Tena kukoroma peke yake si ushahidi wa raha. Paka hukoroma hata akiwa na maumivu.

Watoto wa paka wanaovizia vifundo vya miguu ni habari nyepesi zaidi: wanacheza kuwinda. Wape kitu cha kukimbizia, kilichofungwa kwenye kamba ndefu, na usimfundishe hata mmoja kwamba vidole vya mtu ni mchezo.

Linalonikera ni ushauri wa kumpiga, kumrushia maji usoni, au kumshika ngozi ya shingo na kumkandamiza chini "ajue nani mkubwa." Paka hana ukubwa wa aina hiyo kichwani. Anachojifunza ni kwamba mkono wako unaumiza, na siku nyingine utakapousogeza, hata kwa wema, atawahi yeye. Nimeona paka waliotupwa barabarani kwa kosa la jino bovu au la paka mwingine aliyepita dirishani. Hao hawakupata hata nafasi ya kuchunguzwa.

Kuhusu jeraha lenyewe, usilidharau kwa udogo wake. Chonge za paka ni nyembamba kama sindano. Zinaacha tundu dogo linalofunga haraka, na bakteria hubaki ndani. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali, hasa ukiumwa mkononi au kwenye kiungo. Mkono unaweza kuvimba kabla hata ya siku kwisha. Na mahali penye kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata na kukiambukiza, usingoje kuona kama paka ataugua. Chanjo ianze mapema, kwa maana dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kibibi aling'olewa jino lile. Siku ya nne alikula bakuli zima akiwa amenyoosha kichwa, na baada ya wiki mbili mgongo wake ulianza kung'aa tena. Ilichukua muda zaidi kwake kurudi mapajani kwangu. Nilikaa sakafuni jioni nyingi, mkono wazi juu ya goti, nikiangalia pembeni. Sasa huja, hujikunja, huniletea shavu la kulia. Shavu la kushoto bado hapendi liguswe, nami siligusi.